Je, Wajua? Mtwara Mezani

Je, wajua kwamba Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli, na treni hakuna? Ilikuwepo. Waingereza walitandika reli kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanzishwa 1947 ili Uingereza, iliyokuwa bado inakula kwa mgawo, ipate mafuta ya kupikia. Januari 1951 London ikaufuta, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Bandari ya kina kirefu iliyoanza kujengwa 1948 ilikamilika 1954, wakati karanga za kupakia melini hazipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa.

Na wajua hasara hiyo inavyomgusa mgeni mwenye njaa leo? Mji ulipimwa kwa ukubwa wa mavuno ambayo hayakupatikana. Barabara ni pana na mitaa imeachana. Maofisi na mabenki yako upande wa Uhuru na Aga Khan. Soko na stendi viko mbali kidogo, mwendo wa kutokwa jasho. Majengo na Chikongola ziko nyuma ya soko. Shangani iko kivyake ufuoni, walikokuwa wakiishi wakubwa wa kikoloni. Hakuna mtaa mmoja wa migahawa utakaoupita mlango kwa mlango ukinusa. Unapanda bajaji, na dereva ndiye mshauri wako. Ukimwambia "nipeleke pazuri" atatazama viatu vyako na kukupeleka hoteli ya Shangani, ukale chipsi. Mwambie akupeleke anapokula yeye.

Je, wajua kwamba karanga hatimaye zilikubali? Si kwa matrekta. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji, kilitoa mbegu iitwayo Pendo mwaka 1998, kisha 2009 zikafuata Naliendele, Mangaka, Mnanje na Masasi, nne hizi zikipewa majina ya sehemu za huku kusini. Wakulima wadogo wanazipanda kwa jembe la mkono, na nyingine zinaishia zimetwangwa ndani ya sufuria ya kisamvu. Serikali ya Uingereza haikuwahi kufikiria kisamvu.

Je, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na kwamba upatikanaji wake Mtwara unapangwa na mwezi?

Hapa ndipo mgeni anapokosea. Anauliza wapi pa kula kabla ya kuuliza mwezi una siku ngapi. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, lakini mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hukimbia mbali kuliko kawaida. Ndiyo bamvua. Miamba iliyofunikwa hubaki wazi kwa saa chache, na kina mama na vijana huingia kwa miguu, fimbo mkononi, wakichungulia tundu kwa tundu. Pweza hujisaliti mwenyewe: mbele ya mlango wake huacha maganda ya kaa na makombe aliyokula. Akishatolewa hupigwapigwa kwenye mwamba mpaka nyama ilegee, maana asipopigwa utatafuna mpaka magharibi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, miamba hiyo haionekani, na pweza aliyeko siniani huenda ametoka kwenye friza.

Jioni kibandani utakuta sufuria ya supu inayofuka, sinia lenye mikia ya pweza iliyoiva mpaka ikawa zambarau, kibao na kisu. Muuzaji anakata vipande vidogo. Wewe unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ndimu, unakula umesimama, na unalipa kwa hesabu ya vipande. Supu inamiminwa kwenye kikombe, na kila mwanaume anayeipokea anataniwa, kwa sababu zinazojulikana pwani nzima. Muulize: "Mama, pweza wa leo huyu?" Akikujibu, "Wa leo, baba, maji yalitoka sana," hapo hapo chukua kijiti. Akianza kusifia pilipili yake, agiza samaki.

Na wajua kwamba dagaa wana mwezi wao? Hao huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, na taa haina kazi pakiwa na mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wako nyumbani, huku wachokoaji wa pweza wakingoja asubuhi ya maji makubwa. Mwezi ukiandama, giza na bamvua vinakutana, na soko linapata vyote viwili. Ongeza pepo: kusi inapovuma, tuseme Mei hadi Septemba, bahari inachafuka na samaki wa maji makubwa wanaadimika, kaskazi ikiingia bahari inatulia, na kolekole, nguru na jodari wanarudi mezani. Menyu iliyochapwa na kupigwa plastiki, yenye samaki wale wale mwaka mzima, mimi huiogopa.

Turudi kwa pweza: jike hutaga mara moja tu. Hukaa juu ya mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ndiyo maana kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji walianza kufunga sehemu ya miamba kwa miezi michache kabla ya kuvua, na wakifungua wanatoa pweza wakubwa. Pweza hukua haraka mno. Kumwacha mwezi mmoja zaidi ni faida.

Je, wajua kwamba kabla ya 2003 samaki wa Mtwara hakuwa na haraka ya kwenda Dar es Salaam? Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lenye jina la rais wa tatu, mwenyewe mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Kabla yake kulikuwa na kivuko na tope, na masika yakikaza kusini kulikuwa kisiwa. Samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani akawa ng'onda. Leo anaondoka na barafu, na wenyeji wananunua kwa bei ya ushindani na jiji. Ila ng'onda hajafa. Mpikie tui la nazi na bilinganya uone kama utamkumbuka yule wa kwenye barafu.

Barafu yenyewe ina asili yake. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, ikakaa ardhini robo karne, na tangu 2007 ndiyo inayofua umeme wa Mtwara.

Gesi ilileta na walaji. Kati ya 2010 na 2014 kampuni za kutafuta mafuta na gesi baharini ziliifanya bandari ya Mtwara kituo chao cha mahitaji, na mji ukaota hoteli, nyumba za wageni na migahawa yenye menyu za Kizungu. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, kulizuka ghasia za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Bomba lilijengwa, likaanza kazi 2015. Bei ya mafuta duniani ilishaanguka 2014, wageni wakapungua, na meza nyingi zikabaki na vitambaa vyake. Mama lishe hakufunga. Wateja wake walikuwa wapagazi, makuli, wanafunzi na madereva, nao wakaongezeka pale kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa nje ya mji mwaka huo huo wa 2015. Dereva wa lori la saruji anataka ugali wa kushiba, maharage, samaki wa kukaanga na maji ya kunawa, na anataka sasa hivi.

Je, umewahi kula ming'oko?

Kama hujala, hujafika kusini, hata kama umelala Shangani wiki nzima. Ming'oko ni jamii ya viazi vikuu, lakini haipandwi. Inaota yenyewe vichakani, Mtwara na Lindi, na wataalamu wanaiita Dioscorea hirtiflora. Wachimbaji wengi ni wanawake. Mzizi wenyewe ni mwembamba, wa ukubwa wa kidole au kuzidi kidogo, umepindapinda, ngozi ya kahawia. Huoshwa mchanga ukatoka, huchemshwa kwa maji kidogo na chumvi, kisha huuzwa kwa mafungu pembezoni mwa barabara, sokoni na stendi, pamoja na chumvi iliyochanganywa na pilipili. Namna ya kula: shika ncha, bana kwa meno, vuta, ganda linabaki mkononi na nyama nyeupe inabaki mdomoni. Ina utamu mdogo na unga mwingi. Ukila ukiwa kwenye basi utaacha lundo la maganda miguuni kama kuku aliyepekua jaa, na hakuna atakayekulaumu, kwani jirani yako naye anafanya hivyo hivyo. Katika mgahawa wa vitambaa vya meza sijawahi kuikuta. Hilo naliona ni kosa la migahawa.

Je, wajua kwamba huko Masasi, Newala na vijiji vingi vya mkoa, "samaki nchanga" hana mapezi? Ni panya wa shambani. Hutegwa mashambani baada ya mavuno, huchomwa manyoya, hubanikwa, na huliwa kwa ugali na watu wanaojua wanachokula. Siyo panya wa dari. Mgeni asidharau: panya huyo hula zaidi nafaka na mizizi, lishe safi kuliko ya kuku wengi wa mjini. Mjini vilevile anapatikana, ila ni lazima uwe na mwenyeji.

Haraka haraka: muhogo, karanga, korosho, mahindi, nyanya na pilipili, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vililetwa Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Nazi asili yake ni Asia. Walio wazawa kwenye sahani ya Mtwara ni kunde, njugu mawe, mtama na ming'oko yetu.

Je, wajua kwamba ugali wa muhogo unaweza kukupooza miguu? Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi. Ukivundikwa au kulowekwa na kukaushwa siku za kutosha, sumu inatoka. Njaa ikibana na watu wakafupisha siku, haitoki yote, na mwenye kula muhogo mtupu bila samaki wala maharage anaweza kupata konzo, maradhi ya kupooza miguu yasiyopona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya mkoa wa Mtwara viliguswa. Dawa ya jikoni ilipatikana Australia, kwa mwanasayansi Howard Bradbury, na ni rahisi ajabu: lowanisha unga kwa maji, utandaze mwembamba kwenye mkeka juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, halafu songa siku hiyo hiyo. Kwa mama lishe wa mjini anayetumia muhogo mtamu shida hiyo haipo. Ugali wake ni mweupe, unavutika, na kwa mchuzi wa nazi hauna mpinzani.

Je, wajua kwamba mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja? Na kwamba ile korosho unayotafuna imekaa nje ya tunda, ikining'inia chini ya bibo kama kitu kilichosahauliwa?

Ganda lake limebeba mafuta makali yanayobabua ngozi. Mbanguaji wa nyumbani huzichoma kwanza kwenye karai lililotobolewa, au bati tu, juu ya moto mkali. Mafuta yanawaka, moshi mweusi unapanda, na hutakiwi kusimama upande upepo unakoelekea. Kisha zinamwagwa mchangani zizimike. Hapo ndipo wanapokaa kina mama kwenye vigoda, jiwe chini na kipande cha chuma mkononi, mikono imepakwa majivu, wakigonga moja moja. Pigo likizidi korosho inapasuka vipande na bei inashuka. Likipungua ganda halifunguki. Nzima zinakwenda kwenye mifuko ya kuuzia wasafiri. Vipande vinabaki nyumbani, na kwa ladha sioni tofauti. Lakini nyingi za mkoa hata haziguswi na jiwe: zinasafirishwa na maganda yake kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe huko, ingawa Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua miaka ya 1970 na 1980.

Bibo lenyewe lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na haliwezi kusafiri. Likianguka leo, kesho limechacha. Kwa hiyo hulioni kwenye maduka makubwa ya Dar. Huku linanyonywa shambani, juisi yake inachachushwa ikawa uraka, na yale yaliyokaushwa, kochoko, huhifadhiwa mpaka msimu uishe yakatumikie mitungi ya gongo, biashara ambayo polisi wanaijua na wanywaji wanaijua zaidi.

Wajua nani anayepanga hali ya migahawa ya Mtwara kuanzia Oktoba? Mnada. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo ghalani kupitia chama cha ushirika, wanunuzi wanashindana kwa zabuni, fedha zinafuata. Zikiingia, Tandahimba na Newala nyama choma inakatwa usiku kucha, bia zinaisha dukani, na Dar es Salaam wanaanza utani wao kuhusu mbuzi wanaonyweshwa soda. Msimu wa 2017/18 ulikuwa hivyo, nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walileta bei ndogo, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamua serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kubeba. Malipo ya wengi yalichelewa. Kwenye miezi ya mvua za kifuku, Januari mpaka Machi, fedha zimekwisha na shamba halijatoa kitu, vibanda vingi hupika kidogo na mapema. Anayetaka kuona Mtwara imekaa mezani aje Novemba, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama.

Je, wajua kwamba boma la Mikindani, kilometa kumi hivi kutoka Mtwara, lilijengwa na Wajerumani 1895, na leo ni hoteli? Utakula samaki ndani ya kuta nene za ngome, ukitazama ghuba. Mvumbuzi David Livingstone alishuka hapo Machi 1866 na msafara wenye ngamia, nyati, nyumbu na punda. Wanyama wakamfia njiani na chakula kikampungukia. Chini ya boma, kwenye mji wenyewe wa mawe, mama anakaanga vitumbua asubuhi. Ninakushauri uanze na vitumbua.

Kuvuka kwenda Msanga Mkuu unapanda chombo pale Feri. Ng'ambo ni minazi, madafu na wavuvi. Ukiwa na muda zaidi, endelea kusini mpaka Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye kilometa za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji vyenye watu. Kamba na kaa wa Ruvuma wanakulia kwenye mizizi ya mikoko hiyo. Ukikata mikoko umekata kitoweo cha mwakani. Baruti ilifanya hasara nyingine: kwa miaka mingi pwani hii ilisifika kwa uvuvi wa mabomu, na samaki wa bomu unamjua kwa kumshika, mifupa imevunjika na nyama ni tepetepe. Misako ya katikati ya miaka ya 2010 iliupunguza sana. Hata hivyo, bonyeza kabla ya kununua.

Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kisamvu cha nazi na karanga kinaitwa matapa na wengi hukihesabu chakula cha taifa, hata hoteli za Maputo hukiweka kwenye menyu. Wamakonde wako pande zote mbili za mto na wanakipika pande zote mbili. Huku kwetu hoteli zinakificha, unakipata kwa mama lishe tu, tena siku za katikati ya wiki.

La mwisho, kwa wenye watoto. Je, wajua kwamba pwani hii wanalima shamba ndani ya bahari? Kina mama hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa kati ya vigingi, wanaufuata maji yakitoka, wanauanika, wanauuza kwa kilo kwa bei ambayo haijawahi kumtajirisha mtu. Hatuuli. Unakwenda nje, viwandani, unatolewa kitu cha kugandisha kiitwacho karajini, ambacho hutiwa kwenye dawa za meno, soseji na aiskrimu. Basi aiskrimu ya kopo iliyotoka ng'ambo, ambayo mwanao anakulilia dukani, inaweza kuwa na mwani uliofungwa kwa mkono wa bibi yake. Tofauti ni bei.